Fundi Akija, Neti Inapona

Mwishoni mwa Mei 2023 tulihama kampuni ya intaneti. Kabla ya hapo tulikuwa na ruta ya laini ya simu, ile ya kuweka dirishani ikaelekea mnara, na bando lake lilikuwa na tabia ya kukata ukiwa katikati ya jambo la maana. Mimi natunza mahesabu ya wafanyabiashara wanne, wawili hapa Dodoma mjini, mmoja Manyoni na mmoja Singida. Ritani zao za VAT nazituma kwa mtandao, na mwisho ni tarehe 20 ya kila mwezi. Kwa hiyo nguzo za faiba zilipoanza kusimamishwa mtaani kwetu Nkuhungu, nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujiandikisha.

Walikuja mafundi wawili, mtu mzima mmoja na kijana wake. Waliuvuta waya mweusi mwembamba kutoka kwenye nguzo, wakatoboa ukuta juu ya dirisha la sebule, kisha kijana akakaa chini kwenye zulia na kufungua kisanduku chake. Aliuchuna ule waya ganda baada ya ganda mpaka ukabaki uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Akaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaulaza kwenye kimashine kidogo uso kwa uso na uzi mwingine, akafunika. Kikatoa mlio, na kwenye kioo chake tukaona nyuzi mbili zikigusana na kuwa moja.

Baba mkwe alisogeza kiti karibu kabisa. Alikuwa ametoka Bahi kuja kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na daktari alimkataza vumbi. Kumkataza mtu vumbi Dodoma, tena kuelekea mwezi wa sita upepo unapoanza, maana yake ni kumfungia ndani. Basi akawa anashinda sebuleni, na kwa kuwa jicho lilikuwa jipya, hakuna kilichompita. Alikuwa ananiambia hata sahani ipi ina ufa.

Kabla ya kuondoka, yule fundi mtu mzima alinipa karatasi nisaini. Akasema, "Mama, usichomeke kitu kingine hapa bila kutuambia. Na hii ni ya familia moja, siyo ya kugawia wapangaji." Akacheka. Na mimi nikacheka, nikasaini.

Nilikuwa nimeshaongea na mpangaji wangu. Ni mwalimu wa sekondari, anakaa vyumba vya uani, na tulikubaliana atanichangia shilingi 15,000 kwa mwezi. Ana kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 na baadaye vikagawiwa walimu, anaandalia masomo humo. Sikuona kosa. Kosa nililiona kwenye umbali tu, maana kati ya sebule yangu na mlango wake kuna kuta mbili za tofali za saruji na tenki la maji la lita 2,000, na waifai ya sebuleni ilikuwa ikifika kwenye tenki na kuishia hapo.

Siku ya tatu nikaenda mjini, jirani na Nyerere Square, nikanunua ruta ya mtumba kwa shilingi 45,000, na waya wa mita 25. Muuzaji aliniwekea jina na paswedi zilezile za nyumbani ili simu zisihangaike. Nikamuuliza waya nichomeke tundu lipi, maana nyuma yalikuwa matano, manne ya njano na moja la bluu. "Popote, mama. Inashika." Nikachomeka kwenye la njano. Waya nikaupitisha chini ya zulia, ukafuata korido hadi jikoni, na ruta nikaiweka juu ya kabati la vyombo, dirisha linalotazama uani. Jioni ile mwalimu alinitumia ujumbe wa kushukuru wenye maua mengi.

Kesho yake mambo yakaanza.

Yalianza kidogokidogo. Simu yangu inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti", huku ya binti yangu, tumekaa kochi moja, inacheza katuni. Baada ya nusu saa inageuka: yangu inafanya kazi, yake inazunguka. Naingia kwenye mfumo wa kodi, najaza mauzo ya Manyoni mpaka karibu na mwisho, ukurasa unaganda. Nazima kifaa cha kampuni, nawasha, tunapata saa moja ya amani, kisha yaleyale. Mwalimu akaanza kuja mlangoni. "Mama mwenye nyumba, leo tena?" Wiki ya pili akauliza kwa adabu kama mchango wa mwezi huu unaweza kuhesabiwa wa mwezi ujao.

Kampuni mpya, tatizo jipya. Nani mwingine wa kulaumiwa? Namba ya huduma kwa wateja niliikariri. Dada wa kwanza alisema nizime, nihesabu mpaka 30, niwashe. Wa pili vilevile. Wa tatu alisema kwao laini yangu inaonekana iko hewani tangu juzi haijakatika hata mara moja, na mimi nikamjibu kwa sauti ambayo mume wangu, aliyekuwa chumbani, alitoka kuja kuangalia nagombana na nani. Nilimwambia yule dada kwamba kama iko hewani basi ishuke, maana huku chini haijafika. Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Wakatuma mafundi. Waliponipigia kwamba wamefika kwenye kona ya mtaa, nilikwenda jikoni mbio, nikaichomoa ile ruta ya mtumba, nikaifungia kabatini nyuma ya sufuria la pilau, na mkia wa waya nikausukumia chini ya mkeka. Wakaingia. Kijana alichomeka kipimo chake kwenye ule uzi wa kioo, kikasoma hasi 19. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha matokeo ya mtihani ya mwanawe: mwanga unaingia vizuri, mbaya huanza ikikaribia hasi 27. Taa ya kijani imetulia, nyekundu haipo. Akafungua video, ikacheza bila kugoma. Mimi mwenyewe nikachukua simu, ikafanya kazi. Ya binti, inafanya kazi. Ya Baba, inafanya kazi.

"Sasa tatizo liko wapi, dada?"

Nikasema mkiondoka tu itakufa. Wakatazamana kama watu waliomzoea mteja wa aina hiyo. Waliondoka, nikarudisha ruta yangu mahali pake kwa ajili ya mwalimu, na kufika adhuhuri neti ikafa. Nilihisi kuonewa kabisa. Walipokuja mara ya pili ilikuwa hivyohivyo, mbio, kabati, sufuria, hasi 19, video inacheza. Safari hiyo kijana aliniachia namba yake binafsi, nadhani kwa huruma.

Mtu atauliza inakuwaje mtu anayejua kulinganisha daftari la benki na la duka hakuliona hilo. Sina jibu zuri. Kichwani mwangu ile ruta haikuwa sehemu ya tatizo, ilikuwa siri, na siri ilikuwa na mahali pake. Niliwashuku wote wengine. Niliushuku upepo kwamba unatikisa waya juu. Nilimshuku jirani kwamba ana paswedi yetu, nikaibadilisha kwenye vifaa vyote viwili, nyumba nzima ikapanga foleni kuniletea simu niwaandikie upya. Haikusaidia kitu, ila jirani nilimsalimia baridi kwa siku kadhaa na hakujua kwa nini.

Alhamisi ya Juni 15 ilikuwa siku ya kusomwa bajeti ya serikali. Baba alikuwa ameisubiri kuliko sikukuu. Televisheni ipo, lakini baada ya operesheni hakuitaka, alipenda kushika kishikwambi cha mjukuu wake karibu na uso na kuikuza picha kwa vidole, awaone wabunge mmojammoja. Bunge lenyewe liko upande wa pili wa mji wetu huuhuu. Saa 10 jioni Waziri wa Fedha akasimama, akaanza na shukrani zile ndefu, na kabla hajafika kwenye tarakimu hata moja, kiduara kikaanza kuzunguka usoni pake.

Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele, mlenda uko pembeni. Nikamsikia Baba akiita. Nikaenda na mwiko mkononi, nikaanza kuisema kampuni, jinsi walivyotuibia, jinsi kesho nitakavyokwenda ofisini kwao nikakae pale mpaka kieleweke. Alinisubiri nimalize. Wazee wa kule kwao hawakukati maneno.

"Mama," akasema, "mimi haya mambo siyajui. Ila nakaa hapa kutwa naangalia. Wale vijana wakija, wewe unakimbilia jikoni, unakichukua kile chenye taa, unakifungia kabatini. Neti inapona. Wakiondoka unakirudisha, neti inakufa." Akanyamaza kidogo. "Sasa mimi nauliza tu."

Uji wa ugali ulikuwa unadondoka kutoka kwenye mwiko mpaka kwenye zulia. Nilirudi jikoni, nikaichomoa ruta. Sikuifunika na chochote, niliiacha pale juu ya kabati imezimika. Nikazima na kuwasha kile kifaa cha sebuleni, na waziri akarudi. Baba akaisikiliza hotuba yote, bajeti ya shilingi trilioni 44.39, mpaka giza likaingia, akisema "Ee!" kila palipotajwa barabara. Neti haikukatika hata mara moja. Usiku mwalimu alituma ujumbe: "Mama, leo uani hakuna kabisa." Wake haukuwa na maua.

Jumamosi asubuhi nilimpigia yule kijana fundi. Nilizunguka sana, nikamuuliza habari za nyumbani, habari za kazi, kisha nikasema kuna kitu kidogo sikumwambia. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekata.

"Dada, hiyo ruta yako umechomeka tundu gani? La njano au la bluu?"

"La njano."

"Igeuze chini. Soma kibandiko."

Niligeuza zote mbili, hii mkono wa kulia na ile wa kushoto, nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye ya kampuni, namba ya anwani yake ni 192.168.1.1. Kwenye ya mtumba, 192.168.1.1. Akaniambia nimwite mpangaji, tufungue mipangilio ya waifai kila mmoja kwenye simu yake, tusome namba ambayo simu imepewa na ruta. Tulisimama kwenye mlango wa jikoni, simu mbili zimepangana. Yangu, 192.168.1.3. Ya mwalimu, 192.168.1.3.

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi, maana hilo lilikuwa somo langu. Ilikuwa kama duka lenye wahasibu wawili waliojiita jina moja, kila mmoja na kitabu chake cha risiti, na vyote vimeanzia namba moja. Mteja anayemfikia wa kwanza anapata mzigo wake. Anayemfikia wa pili anapokelewa vizuri, anapewa risiti, anaambiwa asubiri, na huyo wa pili hana hata mlango wa kutokea nje. Na kila nilipozima na kuwasha, nilikuwa nachanganya foleni upya, nani ampate nani.

Kijana alinielekeza kwa simu. Kompyuta niiunge kwa waya kwenye ruta ya mtumba peke yake, niandike zile namba, niingie. Kwanza namba yake ya mwisho, kutoka 1 kuwa 2. Nikabonyeza kuhifadhi, ukurasa ukatoweka, na jasho likanitoka nikidhani nimeiua. Kumbe ilikuwa imehama tu, nikaandika .2 na ikafunguka. Kisha palipoandikwa DHCP, ndiyo kazi ya kugawa namba, nikazima, hiyo ibaki kwa ile ya sebuleni. Waya uendelee kuwa kwenye tundu la njano, la bluu tusiliguse. Mwisho chaneli ya waifai: moja nikaiweka kwenye 1, nyingine kwenye 11, zisipigiane kelele. Ilichukua kama dakika 20, na robo yake ilikuwa kutafuta miwani.

"Basi, dada. Sasa itatulia," akasema. Halafu, "Ungetuambia siku ile tusingechoma mafuta ya pikipiki mara mbili."

Nilimtumia ya mafuta, na ya soda juu yake. Kuhusu mpangaji hakuuliza, na mimi sikutaja. Mwalimu nilimwambia mchango wa Juni tumeufuta. Ritani zote nne zilikwenda Jumatatu, tarehe 19, nimekaa kitako kabisa, chai pembeni.

Jumatano yake ikaingia simu kutoka kwenye kampuni. Dada mwenye sauti ya upole alitaka kujua kama tatizo langu limetatuliwa, na kutoka 1 hadi 5 ningempa fundi wao alama ngapi. Nikampa 5. Akashukuru. Kwa ajili ya kumbukumbu zao, akauliza, tatizo lilikuwa nini hasa?

"Waya," nikasema. "Ulikuwa umelegea mahali."

Baba alikuwa ameketi kwenye kochi lake na kikombe cha uji. Hakuwa na kifua wala mafua, lakini nilimsikia akikohoa.