Nimeshika katana ya miaka ya 1600

Jamani juzi nimeingia duka moja la mapanga ya kale hapa Tokyo, nikashikishwa katana, ule upanga wa Kijapani, ya miaka ya 1600 hivi, moyo ulidunda kweli. Mi siku zote nilikuwa naangalia mng'ao tu, kumbe sivyo, mzee wa duka cha kwanza kavua mpini akanionyesha chuma cha ndani, wanaita nakago, hapo ndo unajua umri wake, kutu yake inatakiwa iwe nyeusi imetulia, ukikuta ya rangi ya machungwa au imesuguliwa ujue kuna mtu kaichezea na thamani imeshuka. Na jina la fundi lililochongwa hapo usiliamini haraka, sahihi feki zipo toka enzi hizo, ndo maana watu wanataka cheti cha NBTHK, shirika la Japani linalokagua na kuthibitisha panga za kale.

Kisha akainamisha kwenye taa nione hamon, ule mstari wa mawimbi kando ya makali, aisee uzuri ule hausimuliki!! Ila ukiona ufa kwenye makali, hata mwembamba kama unywele, achana nayo. Katana za vita ya pili ya dunia nyingi zilitengenezwa harakaharaka, bei yake chini. Sijanunua bado, Jumamosi narudi kuitazama tena.