Tiba ya muziki si ya watoto peke yao

Mdogo wangu ana usonji, haongei, na ndevu zimeshamjaa kidevuni. Nazitaja ndevu makusudi, maana watu wakisikia tiba ya muziki picha inayowajia ni ya watoto wadogo, vikengele na nyimbo za kuhesabu vidole. Huduma nyingi nazo zimepangwa hivyohivyo: kijana akimaliza shule, tiba inakatika, wakati mahitaji yake yako palepale. Jambo hili linaniuma sana.

Kwa asiyeijua tiba hii, si darasa la muziki. Hakuna anayemfundisha mdogo wangu kupiga kinanda. Wala haiondoi usonji, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Mtaalamu aliyesomea kazi hiyo hukaa na familia, mkakubaliana mnatafuta nini: kupokezana zamu, kuchagua kati ya vitu viwili, kuonyesha kwamba amechoka kabla hajaanza kujipiga. Baada ya hapo muziki ndio unaofanya kazi.

Kinachonigusa kuliko vyote ni namna mtaalamu wetu anavyosubiri. Wana wimbo wao wa kuanzia, wenye jina la mdogo wangu ndani yake. Anauimba kwa gitaa mpaka anapokaribia lile jina, halafu ananyamaza, mkono umetulia juu ya nyuzi. Mdogo wangu anayumbayumba kitini, macho dirishani. Mama hushindwa kuvumilia, ananong'ona, "Haya baba, piga." Mtaalamu hatikisiki. Kisha kiganja kinashuka kwenye ngoma, na papo hapo gitaa linaitikia. Akipiga taratibu, linakwenda naye taratibu. Akiharakisha, linakimbia naye. Akiguna, ule mguno unadakwa na kugeuzwa wimbo. Huyu ni mtu anayeshinda akiambiwa kaa, simama, acha hicho, vaa viatu. Mle chumbani yeye ndiye anayeongoza.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1959, nchini Uingereza, Mmarekani Paul Nordoff, mtunzi na mpiga piano, na mwalimu Mwingereza Clive Robbins walianza kufanya kazi pamoja na watoto wenye ulemavu. Nordoff alikuwa akitunga papo kwa papo, mtoto akilia au akitembea chumbani, piano ikimjibu.

Je, inasaidia? Utafiti wa 2017 uliohusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi 9 haukuona tofauti ya maana katika dalili zao za kijamii baada ya miezi mitano, ukilinganisha na waliopata huduma za kawaida tu. Mapitio ya 2022 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 26 zenye washiriki 1,165, yaliona nafuu katika hali ya jumla na ubora wa maisha, ila kwenye kuzungumza hayakupata ushahidi wa wazi. Nimezisoma namba hizo na sikukata tamaa, kwa sababu hatukumpeleka ili aongee. Tulitaka awe na mahali ambapo anachokianzisha yeye kinajibiwa. Ninachosikitikia ni kwamba tafiti zenyewe zimewatazama zaidi watoto. Watu wazima hawajaangaliwa vya kutosha.

Ukitafuta huduma kwa ndugu yako mtu mzima, uliza mapema nyimbo wanazotumia. Mdogo wangu anapenda muziki wa dansi wenye besi nzito, na ndio unaopigwa. Kumwimbia mwanamume nyimbo za chekechea ni kumvunjia heshima. Uliza pia kuhusu sauti kali. Kengele ya chuma ilimfanya azibe masikio, ikaingizwa kabatini siku hiyohiyo, wakamletea ngoma ya kupiga kwa kiganja. Na wakikwambia umri wake umepita, waulize kama wanaweza kuanzisha kikundi cha watu wazima, kisha wape majina ya familia nyingine zinazosubiri. Kikundi cha mdogo wangu kilianza kwa orodha kama hiyo, na mama ndiye aliyepita kuikusanya.