Siku moja kazini: afisa wa ruzuku katika wakfu wa jamii, pwani ya Kenya

Saa 1:45 asubuhi. Ofisi bado haijaingia kelele, na kazi ya kwanza ni kulinganisha taarifa ya jana ya Paybill, nambari tunayopokelea michango kwa simu, na ile ya benki. Wakfu wa jamii hushika mifuko mingi kwa pamoja: karo ya kijiji hiki, maji ya kile, dharura ya mafuriko. Yote huingia kwa nambari moja ya Paybill, na kinachoitenganisha ni neno ambalo mchangiaji anaandika kwenye nafasi ya akaunti. Makosa mengi huzaliwa hapo. Aliyeambiwa aandike KARO huandika jina lake, au jina la mtoto, au "sadaka". Mchango wa namna hiyo hauingizwi mfukoni kwa kukisia. Unakaa akaunti ya kusubiri hadi mwenyewe apatikane. Namba ya simu huja na tarakimu za katikati zimefichwa, kwa hiyo natumia saa, kiasi na jina la kwanza, kisha nampigia mweka hazina wa kijiji husika. Maneno mafupi kama MAJI, KARO na AFYA yana makosa machache kuliko namba kama 0014, ambayo mtu huchanganya sifuri na herufi O.

Ninacholinganisha ni msimbo wa muamala, ule wa herufi na tarakimu 10. Jina na kiasi havitoshi, kwani watu watano wanaweza kutuma shilingi 500 asubuhi moja. Tofauti ikibaki, hata ya shilingi 10, inatafutwa leo leo. Mara nyingi ni ada. Paybill inaweza kupangwa ili anayetuma alipe ada, mpokeaji alipe, au wagawane. Sisi tunalipa wenyewe, kwa sababu anayetoa shilingi 50 hatutaki akatwe chochote.

Saa 3:30. Familia inataka kufungua mfuko wa karo kwa jina la marehemu mzazi wao. Wawili wamefika, mmoja yuko kwenye simu kutoka Muscat, ambako saa iko mbele kwa saa moja. Swali la kwanza, karibu kila mara, hutoka kwa mkubwa wa nyumba: "Mwanangu, hizo pesa mtaziweka wapi?" Hapa pwani jibu ni jepesi. "Bi, ni kama shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa msikiti. Nazi zinauzwa, mnazi haukatwi."

Kisha tunapiga hesabu mbele yao kwenye karatasi. Tuseme mtaji ni shilingi 2,000,000 na umezaa asilimia 12 kwa mwaka, yaani 240,000. Asilimia 5 ya mtaji, 100,000, inarudi shinani ili kupanda kwa bei kusiule. Asilimia 1, 20,000, ni gharama za uendeshaji. Kinachobaki kutolewa ni 120,000. Familia nyingi hushtuka hapa, na ni vyema washtuke leo kuliko mwaka wa tatu. Hiyo ni karo ya watoto wawili wa bweni, pamoja na nauli na vifaa, na wawili hao ndio wa kushikwa hadi wamalize. Mfuko ukichukua wawili wapya kila mwaka, mwaka wa tatu una watoto sita na pesa za wawili. Nimeona hesabu hii ikirukwa kwa sababu ya huruma, na anayefukuzwa shule baadaye ni mtoto aliyeahidiwa.

Jambo jingine ni majira. Bondi ya serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali, hulipa riba mara mbili kwa mwaka, lakini shule hudai karo kwa mihula mitatu, na muhula wa kwanza peke yake hubeba nusu ya karo ya mwaka. Wa pili asilimia 30, wa tatu 20. Riba ikija Machi na Septemba, ile ya Septemba haiguswi. Inakaa kwenye mfuko wa soko la fedha, yaani uwekezaji wa muda mfupi, ikingoja Januari. Familia isiyotaka riba kabisa, na hapa ziko nyingi, tunaielekeza kwenye mfuko unaofuata sharia au jengo la kupangisha, ingawa jengo lina matengenezo na miezi ya kukaa tupu.

Mkataba ni kurasa mbili. Kifungu ninachokisoma kwa sauti ni kile kinachoiruhusu bodi kubadili matumizi iwapo lengo la awali litakwisha. Hicho ndicho kiini cha wakfu wa jamii tangu ule wa kwanza, wa Cleveland, Marekani, ulipoanzishwa mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanasheria na mkuu wa benki. Aliona fedha za wasia zikikwama kwa sababu marehemu alizifunga kwenye haja iliyokwisha kutoweka. Hapa Kenya, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997, na mengi ya tunayoyafanya kuhusu mitaji ya vikundi yana alama ya njia hiyo.

Saa 6, bodaboda, kilomita za vumbi. Kikundi kinaomba ruzuku ya kulinganisha: wao shilingi moja, sisi moja, kwa tangi la lita 10,000 kwenye shule ya msingi. Kabla ya kutazama ujenzi natazama kitabu cha risiti. Nahesabu nambari kuanzia ya kwanza. Risiti iliyoharibika lazima ibaki kitabuni, asili na nakala, imepigwa mistari miwili na kuandikwa IMEFUTWA. Karatasi ikikosekana, malipo yanasimama hadi ielezwe. Halafu daftari la michango. Daftari la kweli lina kalamu tofauti, doa la mafuta ya taa, ukurasa uliolowa, mwandiko unaobadilika mweka hazina anaposafiri. Likiwa na wino mmoja na mwandiko mmoja tangu Januari hadi leo, limeandikwa kwa usiku mmoja.

Nguvu kazi tunaihesabu kama mchango, kwa ujira wa kibarua wa kijiji hicho hicho, siku kwa siku, majina yakiwa yameorodheshwa. Mchanga na mawe vilevile, kwa bei ya lori hapa, si ya mjini. Lakini nashikilia kwamba sehemu ya mchango iwe taslimu. Mtu aliyetoa shilingi 100 atauliza kuhusu tangi. Maswali yake hulilinda kuliko ukaguzi wangu.

Tangi likijaa lina uzito wa tani 10. Likiwekwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa, upande mmoja hudidimia na plastiki hupasuka chini, pasipoonekana. Mifereji nayo: paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10, ni takriban lita 480 ukiondoa inayopotea. Mfereji uliolegea upande mmoja hula nusu yake. Kwa hiyo ruzuku hutoka kwa awamu: asilimia 40 kwa msingi, 40 tangi likifika, 20 maji yakitoka bombani. Ya tangi inalipwa muuzaji moja kwa moja.

Saa 10, ofisini. Ujumbe wa shukrani kwa waliochangia jana: kiasi, mfuko, salio la mfuko. Waliotuma kutoka Ghuba kupitia ndugu huonekana kwa jina la ndugu, hivyo risiti hurekebishwa kabla ya kutumwa. Kuona jina la mwingine kwenye sadaka yako kunaumiza.

Saa 11:15. Salio la kila mfuko linaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa nje, penye kituo cha matatu. Akaunti ya kusubiri nayo inaandikwa: michango mitatu, shilingi 1,150, wenyewe bado wanatafutwa.