Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya Julai kwenye bustani ya watoto, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Giza bado limetanda. Mbeya na Dar es Salaam tunafuata saa zilezile, lakini sisi tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo mwezi Julai jua huku linachomoza karibu na saa 1. Ukaguzi wangu wa vifaa vya michezo unaanza na tochi: reki, kijiti chenye alama za sentimita, bisibisi, spana namba 17 na 19, matambara makavu na kopo la grisi. Mzazi atakayekuja baadaye ataona bembea na mtelezo tu. Kama viko salama au la, jibu linapatikana sasa hivi, geti likiwa bado limefungwa.

Saa 1. Mchanga kwanza. Chini ya bembea na mwisho wa mtelezo panatakiwa mchanga wa sentimita 30, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapoangukia, na hapo hapo ndipo miguu yao inapousukuma pembeni. Chomeka kijiti: pembeni utakuta sentimita 40, katikati 12. Kazi ni kuurudisha kwa reki, kila siku, hakuna njia ya mkato. Uwe mchanga wa mto uliooshwa, wenye punje za mviringo. Mchanga wa kujengea wenye udongo ni rahisi kupatikana, lakini ukinyeshewa kisha ukakauka unakuwa mgumu kama sakafu, na hapo kina cha sentimita 30 hakina maana tena. Reki pia inafukua vizibo, vipande vya chupa na kinyesi cha paka. Kinyesi hakichanganywi na mchanga. Kinachotwa kwa koleo pamoja na mchanga unaokizunguka, kinatupwa, maana mayai ya minyoo hukaa humo muda mrefu.

Saa 1:40. Bembea. Wengi wanakagua mnyororo wa chini, pale mikono ya watoto inaposhika. Unapolika hasa ni juu, kwenye shakeli, ile pingu ya chuma inayoning'iniza mnyororo kwenye bomba, ambako chuma kinasuguana na chuma mchana kutwa. Panda ngazi, inua mnyororo kidogo ili uzito utoke, kisha pitisha ukucha ndani ya mkunjo. Ukucha ukikwama kwenye kijishimo, andika daftarini. Kama theluthi ya unene imeshaliwa, bembea inashushwa muda huo huo. Kuifunga kwa kamba na kuandika "mbovu" hakusaidii, watoto wataifungua. Kikalio kiwe angalau sentimita 35 kutoka ardhini, na ndoano za S zibanwe kabisa kwa koleo la fundi. Zikibaki wazi hunasa nywele na nyuzi za sweta.

Matairi ya kuchezea nayo yana mambo yake. Tairi lisilotobolewa chini linatunza maji, na maji yakikaa wiki moja na kitu ni mbu. Matundu manne ya kidole yanatosha. Tairi lililochakaa hadi nyaya zinachungulia halifai hata kwa kukalia.

Nguzo za mbao zinachomwa bisibisi pale zinapoingia ardhini. Mchwa hula kuanzia ndani, na rangi ya nje inabaki inang'aa vilevile. Bisibisi ikizama kirahisi, hiyo nguzo imekwisha.

Saa 2:30. Umande. Mtelezo wa bati ukiwa umelowa, mtoto anatua mwisho kwa kasi asiyoitegemea. Unafutwa kwa tambara kavu mara mbili, na ngazi zake pia. Vyoo: sakafu inaoshwa kwa maji na jiki, ndoo ya kunawia inajazwa, sabuni inafungwa kwa kamba. Isipofungwa, haifiki saa 5.

Saa 3:30 geti linafunguliwa, lakini familia zinaanza kuingia saa 4, baridi ikishalegea. Kwa Julai huo ndio muda mzuri wa kuja na wadogo chini ya miaka mitano: mchanga umekauka juu, foleni ya bembea haipo, na wakubwa bado wako kwenye kazi za nyumbani au tuisheni. Masika yakifika hesabu ni ile ile kwa sababu nyingine, mvua zetu nyingi hushuka mchana.

Getini kuna mambo mawili tunayowaambia wazazi, na yote yanatokana na baridi na upendo. La kwanza ni kamba za kofia za majaketi, pamoja na mitandio. Vueni, au ingizeni ndani ya nguo. Juu ya mtelezo kuna kona na nati; kamba ikinasa pale mtoto tayari ameshaanza kushuka, inakaba shingo. La pili ni kumpakata mtoto na kuteleza naye. Inaonekana salama kuliko kumwacha peke yake, kumbe ndiyo inayovunja miguu: kiatu cha mtoto kinashika ukingo, mwili wa mtu mzima unaendelea kushuka na uzito wake wote, mfupa wa mguu unapinda hadi unavunjika. Mtoto anayeteleza mwenyewe kiatu kikishika anasimama tu. Mdogo sana mweke chini zaidi kwenye mtelezo, huku wewe umesimama pembeni ukimshika.

"Kaka, mbona bembea ya tatu haipo?"

"Shakeli imelika, mama. Jumatatu tunafunga mpya."

"Si mngeiacha tu wabembee polepole?"

Hapana. Mtoto wa miaka saba hajui polepole.

Saa 6 hadi saa 8 jua ni kali kuliko baridi inavyokudanganya. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kofia zinahitajika hata kama mtoto amevaa sweta. Bati la mtelezo lipime kwa mgongo wa kiganja, sekunde tano. Ukishindwa kuvumilia, na paja la mtoto halitavumilia.

Ndio muda wa kula pia. Chipsi, maparachichi, karanga, chapati za kutoka nyumbani. Njooni na kikapu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Soda ya chupa ifunikwe kila baada ya kunywa, nyuki huingia ndani bila kuonekana. Na msikae karibu na uzio wa minyaa: utomvu wake ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Saa 9 matarumbeta yanasikika barabarani: maharusi wamekuja kupiga picha. Wanapelekwa upande wa maua, mbali na michezo, kwa sababu drone na bembea havipatani.

Saa 9:30, lile jumba la hewa la kurukia. Julai upepo unaamka mchana, na hapa ndipo tunapogombana na wenye biashara. Kamba zote zifungwe kwenye vigingi vilivyozama ardhini, sita kwa uchache. Upepo ukipita kilomita 38 kwa saa, watoto watoke. Kipimo cha bure ni miti midogo yenye majani: ikianza kuyumba yote, siyo matawi tu, toa watoto kisha zima mashine ya kujaza hewa. Umeme ukikatika, anayesimamia anashika mlango ubaki wazi na kuwatoa wadogo kwanza. Jumba hulegea taratibu, muda upo kama hakuna anayesukumana.

Mtoto akipotea, geti linafungwa kabla ya kuanza kutafuta. Mmoja anabaki getini, wengine wanatafuta kuanzia kwenye maji na vyoo. Picha ya simu iliyopigwa asubuhi wakati wa kuingia inasaidia kuliko maelezo ya "ana fulana ya bluu".

Saa 12 jioni kengele. Jua litazama baada ya nusu saa na ushee, lakini baridi haisubiri. Vikalio vya bembea vinanyanyuliwa na kufungwa kufuli juu ya bomba, kwa sababu usiku watu wazima hubembea na kupinda ndoano. Daftari linaandikwa: shakeli mbili za milimita 10, mchanga toroli sita, sabuni. Masweta yaliyosahaulika yako kwa mlinzi hadi Jumapili ijayo.