Macho meupe ya mbwa wa miombo

Tangu mvua zianze, mbwa koko wanaoletwa hapa kwetu Isevya, Tabora, wengi wanakuja na dalili zilezile: mbavu zinahesabika, ufizi umepauka, tezi za shingo zimevimba, na macho yamefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Watu wakiyaona macho hayo husema mbwa amezeeka au amerogwa, wakamfukuza. Mara nyingi ni nagana, ndugu wa malale ya binadamu, inayoletwa na vimelea vya tripanosoma ambavyo hubebwa na mbung'o.

Naamini wengi wao walikuwa na wenyewe. Warina asali na wawindaji huwachukua hadi kwenye misitu ya miombo ya Sikonge na Ugalla, wakaumwa na mbung'o huko, na wengine huenda wakaambukizwa kwa kula nyama mbichi ya mnyama mwenye vimelea. Mbwa akishikwa na homa, akashindwa kufuata msafara, huachwa njiani. Siwezi kulizoea jambo hili.

Leo daktari wa mifugo alitoa tone la damu kwenye ncha ya sikio la jike mmoja mwekundu, akaliweka chini ya hadubini, kisha akaniita. Niliona kwanza chembe nyekundu zikisukumwa huku na huku, na nilipokaza macho nikaviona vimelea vyenyewe, vyembamba, vikijinyonganyonga katikati yake.

Kabla ya sindano tulimpima uzito kwa makini, kwani dawa yenyewe, diminazini, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaifahamu sana, ikizidi humdhuru mbwa ubongo. Kipimo chake ni miligramu 3.5 kwa kila kilo, na jike huyu mwenye kilo 12 alistahili miligramu 42 tu. Nawasihi wenye mbwa wasikadirie kwa macho.

Kinachonitia hofu zaidi ni nafuu ya haraka. Homa hushuka, hamu ya kula hurudi, utando wa macho huanza kufifia, na kila mtu huamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe tripanosoma aina ya brusei huweza kutoka kwenye damu na kujificha ubongoni, ambako diminazini haifiki vya kutosha, na baada ya wiki kadhaa ugonjwa ukarudi, mbwa akawa anapepesuka na kuanguka kifafa. Kwa hiyo sikukubali kumkabidhi jike huyu kijana wa Kanyenye aliyekuja kumwomba, ingawa nilimwona ana moyo mwema. Nilimwomba aendelee kuja kumtazama, na amchukue nyumbani baada ya damu yake kupimwa tena na tena bila kuonekana kimelea.

Alikubali, kisha akaniuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuambukizwa. Nilimjibu kwamba ugonjwa huu haushiki kwa kumgusa mbwa wala kwa kulambwa naye, bali mbung'o ndiye anayeupitisha. Ila mbwa anaweza kubeba pia aina ya vimelea inayowaletea watu malale, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomwacha nusu ya tiba.