Waulize Wale Waliosikia

Somo la juma: Yohana 18:19–24

Wapendwa katika Bwana, usiku ule wa kukamatwa kwake, Kuhani Mkuu alimuuliza Yesu habari za wanafunzi wake na habari za mafundisho yake. Lilikuwa swali la mtu anayeshuku kwamba nyuma ya yale yaliyosemwa hekaluni yapo mengine yaliyonong'onwa ndani ya nyumba, milango ikiwa imefungwa. Bwana alijibu kwamba amesema na ulimwengu waziwazi, "wala kwa siri mimi sikusema neno lo lote," kisha akamtaka muulizaji awaulize wale waliosikia. Kwa jibu hilo alipigwa kofi. Napenda juma hili tukae na jibu hilo, kwa sababu shaka ile ile inaelekezwa leo kwa Biblia nzima, na waumini wengi wanaikimbia ilhali hawana sababu ya kuikimbia.

Katika ulimwengu wa kale, mwalimu kuwa na mafundisho ya siri lilikuwa jambo la heshima. Pythagoras, mwanafalsafa wa Kiyunani, alianzisha jumuiya yake huko Croton, kusini mwa Italia, katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake wapya walitakiwa kunyamaza kwa miaka 5, wakimsikiliza kutoka upande wa pili wa pazia bila kumwona uso, na kwamba waliovumilia ndio walioruhusiwa kuvuka pazia hilo. Lakini Iamblichus, mwanafalsafa anayetueleza hayo kwa kirefu, aliandika yapata miaka 800 baada ya Pythagoras, na hapo tayari tunaona taabu ya mafundisho ya namna hiyo: aliye nje hana njia ya kuhakiki alichoambiwa aliye ndani. Kwa Plato, mwanafalsafa mwingine wa Kiyunani, hali ni hiyo hiyo. Aristotle, mwanafunzi wake aliyekaa naye miaka 20, anayataja mafundisho yake "yasiyoandikwa", na wasomi wanabishana hadi leo yalikuwa nini hasa. Hata ile Barua ya Saba, ambamo Plato anasema kwamba juu ya mambo mazito kuliko yote hakuandika kitabu wala hataandika, nayo inabishaniwa kama kweli ni yake.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya baadhi ya watu kumvika Bwana wetu joho la mwalimu wa aina hiyo. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi huko Misri ya Juu, wanakijiji walichimbua mtungi uliokuwa na vitabu vya Kikopti, lugha ya kale ya Misri, vilivyojalidiwa kwa ngozi, vilivyonakiliwa katika karne ya 4. Kimojawapo kina Injili ya Tomaso, inayoanza kwa kutangaza kwamba haya ni maneno ya siri aliyoyasema Yesu aliye hai. Baadhi ya maneno yake tunayafahamu, kwa mfano ule wa punje ya haradali, na wataalamu hawajaafikiana kama mwandishi aliyatoa katika Injili zetu au aliyapata kwa njia nyingine. Ninalotaka tulitazame kwa karibu ni neno la 13. Hapo Yesu anamtenga Tomaso na kumwambia mambo matatu. Anaporudi, wenzake wanamuuliza ameambiwa nini, naye anajibu kwamba akiwaambia hata moja tu, wataokota mawe wamrushie. Basi. Wenzake hawaambiwi, na msomaji haambiwi. Kitabu chote kinaahidi siri, na kinapofika penye siri yenyewe kinamwacha msomaji nje ya mlango pamoja na mitume.

Irenaeus, askofu wa Lyon, alikutana na watu waliofundisha hivyo na akawajibu kwa maandishi yapata mwaka 180. Walidai kwamba ukweli haukukabidhiwa kwa maandiko bali kwa sauti ya mdomo, kwa wachache waliokamilika, na walimtaja Paulo kuwa shahidi wao, aliposema kwamba wanena hekima kati ya wakamilifu. Jibu la Irenaeus ni la mtu aliyelisikia jibu la Bwana kwa Kuhani Mkuu. Anasema kwamba kama mitume wangekuwa na siri za kuwafundisha wakamilifu, wangewapa kwanza wale waliowakabidhi makanisa yenyewe. Haiwezekani mtu amwachie mwenzake kundi zima amnyime kilicho bora. Kisha anawataja maaskofu wa Roma kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na anamtaja Polycarp wa Smirna, ambaye yeye mwenyewe alimsikia alipokuwa kijana. Wale waliosikia walikuwepo, na majina yao yalijulikana.

Msomaji makini atauliza: je, katika Marko 4:11 Bwana hakuwaambia wanafunzi kwamba wao wamejaliwa kuijua siri ya ufalme wa Mungu, na walio nje hupewa mifano? Naam, alisema hivyo, na tusipite aya hiyo haraka. Mwanafalsafa Celsus, mpinzani mkali wa Wakristo wa karne ya 2, aliishutumu imani yetu kuwa ni mafundisho ya siri. Origen, mwalimu wa Kanisa, alipomjibu katika karne ya 3 hakukanusha kila kitu. Alikubali kwamba yako mambo ambayo mtu hafundishwi siku ya kwanza, akakumbusha kwamba hata Pythagoras alikuwa na wanafunzi wa nje na wa ndani. Lakini aliuliza ni nani, karibu katika ulimwengu wote, asiyejua kwamba Wakristo wanahubiri Yesu aliyezaliwa na bikira, akasulubiwa, akafufuka, na kwamba hukumu inakuja. Kiini kilikuwa barabarani. Na katika sura ile ile ya Marko, aya chache mbele, Bwana anasema kwamba hakuna lililofichwa ila makusudi lije likatokea wazi. Siri ya ufalme ilifichwa ili ihubiriwe, na wale waliofafanuliwa mifano faraghani ndio hao hao walioambiwa wayahubiri juu ya nyumba yale waliyoyasikia kwa siri.

Nageukia sasa asili ya vitabu vyenyewe, maana hapa ndipo ndugu zetu wengi hutikiswa. Ujumbe husambaa katika simu zetu ukisema kwamba Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulichagua vitabu vya Biblia na kuvizika vingine. Mtaguso ule uliacha kanuni 20, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza inayojulikana yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hivyo tulivyo navyo leo, imo katika barua ya Pasaka ambayo Athanasius, askofu wa Aleksandria, aliyaandikia makanisa yake mwaka 367. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano ya miaka mingi kuhusu Waebrania, Yakobo, Yuda, Petro wa pili, Ufunuo na barua fupi za Yohana. Eusebius, aliyeandika historia ya Kanisa kabla ya Athanasius, anatuambia wazi ni vitabu gani vilikubaliwa na wote na ni vipi vilibishaniwa. Hakuona haja ya kuficha.

Habari inayonigusa kuliko zote katika historia hiyo ni ya Dionysius, askofu wa Aleksandria katikati ya karne ya 3. Huko Arsinoe, Misri, waumini walikuwa wamegawanyika kwa sababu ya kitabu kilichoifasiri miaka elfu ya Ufunuo kuwa ufalme wa anasa za mwili. Dionysius alikwenda mwenyewe, akawakusanya wazee na walimu wa vijijini, akaomba mafundisho hayo yachunguzwe mbele ya watu wote. Wakaketi naye siku tatu mfululizo, asubuhi hadi jioni, kitabu kikiwa katikati yao. Yeye mwenyewe anawasifu ndugu wale kwa utulivu wao na kwa jinsi walivyokuwa radhi kuacha waliyoyashika walipoona hoja imewashinda. Mwishoni kiongozi wao, Coracion, alikiri mbele ya wote kwamba hatayafundisha tena.

Dionysius huyo huyo alikilinganisha Kiyunani cha Injili ya Yohana na kile cha Ufunuo, akaona kwamba kimoja ni safi na kingine kina makosa ya lugha, akahitimisha kwamba Ufunuo uliandikwa na mtakatifu mwingine aliyeitwa Yohana. Wengi wetu tunashika mapokeo ya kwamba ni mtume, na si lazima tukubaliane naye. Tutazame tu moyo wake, kwani anasema hathubutu kukikataa kitabu kile, maana ndugu wengi wanakithamini, na asichokielewa anakikabidhi kwa imani. Aliuliza bila woga, akaabudu bila unafiki.

Kipimo hicho hicho, cha lugha na wakati, kiliangusha kitabu kingine kilichojivunia siri. Mwaka 1463 huko Florence, Cosimo de' Medici, tajiri mwenye nguvu mjini humo, alimtaka msomi Marsilio Ficino aweke kando kazi ya kumtafsiri Plato ili amtafsirie kwanza maandiko ya Hermes Trismegistus, aliyedhaniwa kuwa mwenye hekima wa Misri wa zama za Musa au kabla yake. Watu wakaamini kwamba Plato mwenyewe alichota humo. Mwaka 1614 Isaac Casaubon, Mprotestanti aliyekijua Kiyunani sana, alionyesha kwamba maandiko yale yana maneno na mawazo ya zama za Kikristo, na leo yanawekwa takriban kati ya karne ya 1 na ya 3 baada ya Kristo. Heshima ya kizamani ilikuwa imekaa juu ya dai ambalo hakuna aliyelipima.

Ndiyo maana nina wasiwasi ninaposikia madhabahuni kwamba upo ufunuo ambao si wa kila mtu, ni wa wale walio karibu na mtumishi, au wa wale waliotoa sadaka ya kiwango fulani. Mpendwa ukiambiwa hivyo, omba kwa adabu ufundishwe neno hilo mbele ya kusanyiko, Biblia ikiwa wazi, na wazee wakiwepo. Na kijana wako akija na swali kuhusu nani aliandika kitabu gani, usimkemee. Keti naye, hata ikichukua siku tatu.

Kwa juma hili tusome Waebrania, sura mbili kila siku, Jumapili tumalizie ya 13. Kuhusu ni nani aliyeiandika barua hiyo, Origen alisema Mungu ndiye ajuaye kweli, naye aliendelea kuihubiri. Tuanze na aya yake ya kwanza, tukiisoma kwa sauti nyumbani, watoto wakisikia.