Duma na bakuli lake

Saa kumi na mbili asubuhi, nimekaa chini jikoni nasubiri mbwa wangu Duma ale ndo nimchome sindano ya insulini, dawa ya kushusha sukari. Wiki tatu zilizopita saa ikifika nilikuwa nachoma tu, siku hizi siwezi, lazima kwanza nimwone na macho yangu anakula.

Kisukari chake tumeishi nacho mwaka na kidogo. Sindano mbili kwa siku, kila baada ya masaa 12, chakula kilekile kwa kipimo kilekile, insulini kwenye friji. Macho yakaingia ukungu mweupe, mtoto wa jicho, daktari akasema mbwa wengi wenye kisukari huishia hapo, niliumia lakini nikazoea. Ila kongosho lenyewe, kile kiungo cha tumboni kinachotengeneza insulini, sikuwahi kuliwazia, kwangu mimi lilikuwa limeshaacha kutengeneza insulini basi, halina tena la kutusumbua.

Sasa alikuwa amekonda mbavu zinahesabika, nikamwonea huruma nikampa nyama yenye mafuta, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu jioni akatapika, akakataa kula, halafu akawa anafanya kitu nilichodhani ni kujinyoosha, kifua na miguu ya mbele chini sakafuni, makalio juu, anakaa hivyo hivyo anatetemeka. Kumbe ni tumbo linauma. Nikimkumbuka vile alivyokaa nasikia vibaya hadi leo.

Nikapima sukari iko juu sana, na muda wa sindano umefika, na hajala. Nilisimama na ile sindano mkononi sijui nifanyeje, maana nikichoma dozi nzima na tumbo tupu sukari inaweza kuporomoka ghafla, nisipochoma kabisa mwili unakosa insulini unaanza kuchoma mafuta, ketoni, yaani mabaki ya hayo mafuta, zinajaa, damu inakuwa na asidi. Nikamsogelea mdomoni, pumzi inanukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikampigia daktari, akasema usikisie chochote, mlete sasa hivi.

Alilazwa siku nne. Dripu, dawa ya maumivu, dawa ya kuzuia kutapika, insulini ya kufanya kazi haraka na sukari inapimwa mara kwa mara usiku kucha. Kongosho lilikuwa limevimba na ketoni zimeshaanza. Daktari alinieleza taratibu, kongosho linatengeneza pia vimeng'enya vya kusaga chakula, kawaida vinaamka vikifika kwenye utumbo, likivimba vinaamka humohumo ndani vinaanza kulila lenyewe. Na wakati huo hata insulini unayomchoma haifanyi kazi vizuri, ndo maana sukari ilipaa. Hakusema nyama yangu ndo chanzo, alisema mafuta mengi ni moja ya vichochezi na mbwa mwenye kisukari tayari yuko karibu na hiyo hatari. Akasema pia inawezekana huko nyuma kongosho lilishawahi kuvimba kimyakimya likaua seli za insulini, na kisukari chenyewe kikaanzia hapo. Hilo limenikaa, maana kuna miezi alikuwa anatapikatapika nikasema kala uchafu tu.

Usiku ule sina usingizi nikawa nasoma. Mwaka 1889 watafiti wawili, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho akapata kisukari, na 1921 kule Toronto, Kanada, watafiti wengine, Banting na Best, wakapata insulini kwa kufanya majaribio na mbwa. Kila chupa iliyoko kwenye friji zetu imepitia kwa hawa viumbe. Nilitamani niwe namshika kichwa Duma muda ule.

Sasa anakula chakula chenye mafuta kidogo sana, hakuna mtu hapa nyumbani anamdondoshea kitu mezani, hata wageni nawaambia mlangoni kabla hawajakaa. Akikataa kula hata mara moja napiga simu.

Leo kabakisha kidogo pembeni ya bakuli, kaenda kulala mlangoni. Ngoja nione kama atarudi kumalizia.